Sinema ya Mama wa Mkate

Filamu ile nimeitazama mara tisa, na mara zote isipokuwa moja nimetoka nayo macho mekundu, na bado naapa mbele ya Mungu kwamba siipendi. Wajukuu wangu wananicheka. Juzi waliiweka kwenye televisheni, wakaniita, "Bibi, njoo uone, sinema ya zamani ya vita, watu wanapendana!" Nikajiapiza siendi. Mara nikajikuta nimesimama mlangoni, mwiko mkononi, ugali unaungua jikoni. Filamu yenyewe haina rangi, sauti inakwaruza, ni ya zamani kuliko ndoa yangu, na watoto waliozaliwa juzijuzi wamekaa mbele yake kimya wanavuta kamasi. Mtu akiniuliza ina nini hata isichakae, nitamwambia ina mwanamke anayengoja. Nani hajawahi kumngoja mtu? Siri yake ndiyo hiyo, wala si kubwa.

Hadithi yake ni nyepesi. Mwanamke wa Kizungu anaoka na kuuza mikate katika mji mdogo huko kwao. Vita vinakuja, askari mmoja anapewa chumba nyumbani kwake, wanapendana polepole bila kusemeshana. Halafu askari anaitwa aende vitani. Asubuhi, mlangoni, anamshika yule mama mikono yote miwili na kumwambia maneno mengi, kisha anakwenda. Vita vinakwisha. Mama anakanda unga, baridi inapita, maua yanatoka, anakanda unga. Mwishoni mwanaume mwenye kofia anatokea mbali barabarani, anakuja, anakuja, na yule mama anamfungulia mlango kabla hajabisha hodi. Basi, imekwisha. Kwetu tuliiita sinema ya mama wa mkate.

Sinema hiyo ndiyo iliyokula miaka ya dada yangu. Nasema sinema kwa kuwa ni rahisi kusema hivyo. Aliyeila hasa nitamfikia.

Kwetu ni upande wa Issuna. Dada alikuwa wa kwanza kuzaliwa, mimi wa mwisho, na mama yetu alikufa ningali nanyonya, kwa hiyo mgongo ninaoukumbuka ni wa dada. Aliolewa jirani tu, ng'ombe wa mahari wakatolewa, na hawakumaliza misimu miwili ya kulima pamoja kabla jumbe hajatakiwa kutoa vijana wa kwenda Keya, jeshi la Waingereza. Shemeji akachukuliwa. Siku hizo treni ilikuwa bado inafika Singida kutoka Manyoni. Dada alimsindikiza kwa miguu mpaka stesheni, amembebea kibuyu cha uji, na mimi nilifuata kwa sababu nililia mpaka wakachoka.

Sasa nisikilizeni vizuri hapa. Kwetu mwanaume hamwambii mkewe maneno ya mapenzi mbele za watu. Hata ndani ya nyumba simjui aliyeyasema. Shemeji alimpenda dada, kila mtu alijua, lakini alipopanda behewa maneno yake ya mwisho yalikuwa juu ya ndama. Alisema, "Yule mwekundu usimwache na mama yake mchana kutwa, atamaliza maziwa." Dada akajibu, "Nimesikia." Treni ikaondoka. Njiani kurudi hakulia, ila kila tulipopumzika alirudia kuniambia, "Kasema juu ya ndama tu. Umesikia wewe? Juu ya ndama!"

Barua zilikuja mbili, zimeandikwa kwa mkono wa mtu mwingine, zikisema hajambo na sisi je. Ya tatu haikuja. Vita vilipokwisha wenzake walirudi na makoti mazito na masanduku ya bati, wanasimulia habari za vita vya Bama, ng'ambo ya bahari, na mvua zake. Yeye hayumo. Dada akaenda bomani, na karani akamsomea karatasi kwamba mtu huyu hajulikani alipo. Si kwamba amekufa, hajulikani tu. Nimeona misiba mingi maishani mwangu, lakini neno baya kama hilo sijalisikia. Mtu aliyekufa unamlilia ukamaliza. Hajulikani utamlilia vipi? Baadaye kidogo na reli yenyewe ikang'olewa, vyuma vikapakiwa vikapelekwa wanakokujua wao. Dada alipoambiwa alisema, "Basi atatembea kutoka Manyoni. Miguu anayo."

Wakwe zake walimvumilia, sitawasingizia. Lakini mwaka ulipopita walimwita wakamweleza desturi, ambayo aliijua. Afanyiwe matanga mume wake bila maiti, yeye anyolewe nywele kama mjane, kisha achague: kurithiwa na mdogo wa marehemu, ambaye alikuwa kijana mpole wala si mlevi, au arudi kwa baba na awe huru kuolewa. Dada aliomba siku za kufikiri. Alikuwa na miaka ishirini na kitu, hana mtoto. Nakumbuka aliniambia, nikiwa msichana mdogo tu wa kubeba maji, kwamba yule mdogo mtu ana meno mazuri. Nilielewa kwamba anaelekea kukubali.

Ndani ya siku hizo za kufikiri likaja gari la sinema la serikali.

Lilisimama kwenye uwanja wa mnada, wakatundika shuka jeupe kwenye miti miwili, jenereta ikaanza kunguruma hata kabla jua halijazama. Watu walitoka kila upande. Kwanza walituonyesha filamu ya kutufundisha kutia samadi mashambani. Sisi! Wanyaturu, tunaolima kwa samadi tangu enzi za mababu, tufundishwe samadi! Wazee walicheka mpaka wakakohoa. Kisha ikaja hiyo ya mama wa mkate, na wake za askari wakaambiwa wasogee mbele kabisa, ni heshima yao.

Kimombo hakuna aliyekijua. Kwa hiyo gari lilikuja na mfasiri, kijana wa asili ya pwani mwenye sauti nzuri kupita kiasi, akishika kipaza sauti na kutusimulia kila kinachosemwa. Ndivyo kazi ile ilivyofanywa kila mahali. Picha zilikuwa za Wazungu, na maneno tuliyoyasikia yalikuwa ya kijana yule. Tulipofika pale mlangoni, askari ameshika mikono ya yule mama, mfasiri aliteremsha sauti akasema:

"Anamwambia hivi: Nisubiri. Hata wakikuambia nimekufa, nisubiri. Hata wakisema hawanioni, mimi nakuona. Mke wangu ni wewe, na nitarudi kwa miguu yangu."

Dada alinishika paja akaliminya mpaka nikapiga ukelele. Sikumlaumu, kwani hata kwa umri wangu ule nilijua anasikia nini. Maneno aliyonyimwa stesheni ndiyo hayo, ameletewa nyumbani na gari la serikali. Na yule mwanaume wa kofia alipotokea mwishoni, mfasiri akapaza sauti, "Ndiye! Amerudi! Si nilisema?" Vigelegele vikapasua uwanja. Kwetu sisi Mzungu mwenye kofia alikuwa Mzungu mwenye kofia. Nani angejua huyu ni yule au si yule?

Kesho yake dada alikwenda kwa wakwe zake akawaambia hanyolewi.

"Umeambiwa na nani kwamba yu hai?" baba mkwe akauliza.

"Sikuambiwa, baba. Nimeona. Yule mama naye aliambiwa mtu wake hajulikani, na alirudi."

"Yale ni mambo ya Wazungu."

"Vita ni vyao pia."

Mnaweza kutucheka leo, lakini fikirini. Barua ya hajulikani ililetwa na serikali, na sinema ililetwa na serikali ile ile, kwa gari lake, kwa mafuta yake, mfasiri amevaa kaptula ya serikali. Hakuna mtu Issuna aliyefikiri serikali itasafiri mwendo wote ule kuja kusema uongo kuhusu mikate. Matanga yakaahirishwa. Mdogo mtu akaoa kwingine, akaoa tena.

Mimi nilipelekwa shule ya misheni. Dada ndiye aliyenipigania kwa baba, tena kwa maneno makali, akisema mtu mmoja katika nyumba hii ajue kusoma barua zikija. Nikasoma, nikajifunza Kimombo, nikawa mwalimu, nikaolewa na karani, tukapata nyumba ya vyumba viwili pale Utemini, Singida mjini. Nikazaa. Mkuu wa shule, mama mmoja wa Kizungu mwenye roho ngumu, akaniambia wazi: ukikosa mtu wa kumwangalia mtoto, kazi basi. Nikatuma ujumbe Issuna. Dada akaja na mkeka wake na nguo mbili. Wakwe walimwachia bila neno. Hakuwa mke, hakuwa mjane, walikuwa hawajui tena wamwite nani.

Jamani, nyumba yangu ilipona. Niliondoka asubuhi mtoto amelala, nikarudi jioni ameoga, ameshiba, anacheka. Na kila lori la Manyoni lilipopita barabarani, dada alisimama na mtoto kiunoni akaangalia wanaoshuka. Kisha akarudi jikoni.

Sinema ile ikaja mjini. Mfanyabiashara mmoja alikuwa na godauni lake, Jumapili saa tisa mchana anafunga milango, anaonyesha filamu kwa tiketi. Nilikwenda na mume wangu, dada akabaki na mtoto. Safari hii hapakuwa na mfasiri. Nilikaa pale na Kimombo changu cha misheni, na ilipofika pale mlangoni nikasikia kwa masikio yangu anachosema yule askari. Nawapeni kwa Kiswahili:

"Usinisubiri. Nina mke kwetu. Nikifa au nikipona, mlangoni hapa sirudi. Tafuta mtu mwema, uolewe naye, unisahau."

Na yule wa kofia mwishoni? Kwa wakati ule nilikuwa nimeshakaa miaka mbele ya nyuso za Wazungu, nazitofautisha. Alikuwa tarishi, yule aliyekuwa akileta barua tangu mwanzo wa filamu, mwenye masharubu. Amemwoa. Anarudi nyumbani kutoka kazini, basi. Watu wote godaunini wanalia kwa raha, mume wangu anapenga kamasi, na mimi nimekauka kama mti.

Mlangoni aliyekuwa akikata tiketi alikuwa yeye, yule mfasiri, amenenepa kidogo, sauti ile ile. Nikamvuta pembeni.

"Shikamoo, kaka. Wewe si ulikuwa na gari la serikali?"

"Marahaba. Ndimi. Wapi tulionana?"

"Issuna. Ulitwambia askari anasema nisubiri. Hasemi hivyo."

Akacheka, lakini si kwa ubaya. "Ah, dada yangu! Mara ya kwanza niliitafsiri ilivyo, kule Kintinku. Wake za askari walilia kilio cha msiba, wakajitupa chini, yule bwana wa gari akaniuliza umewafanya nini watu hawa. Ikaniuma. Nikasema potelea mbali, kuanzia leo anarudi. Kila kijiji akarudi. Walifurahi, si ndiyo?"

"Walifurahi," nikasema.

"Basi!" Akaenda kuhesabu vipande vyake vya tiketi.

Nilitembea mpaka nyumbani nimekula kiapo kwamba nitamwambia dada jioni ile ile. Nikamkuta amefagia uwanja, maharage yanachemka, mtoto amelala mgongoni mwake. Akaniuliza kabla sijavua viatu, "Ni ile ile?"

"Ni ile ile."

"Alirudi?"

Nikamwangalia, nikamwangalia na mwanangu. Kesho ilikuwa Jumatatu.

"Alirudi," nikasema.

Nilijiambia nitamweleza siku nyingine. Ndivyo tunavyojidanganya, sivyo? Siku nyingine ikawa wiki, nami nikajitia hamnazo. Kisha akaja fundi cherehani. Alikuwa amefiwa na mkewe, ana watoto wawili, Mnyiramba, mtu wa kusali na wa maneno machache, ana cherehani yake kwenye baraza ya duka karibu na soko. Alimshonea dada gauni, akakataa malipo, kisha akaja kwa adabu kuzungumza na mume wangu. Dada alisikia yote akiwa nyuma ya pazia. Walipomaliza alinifuata jikoni. Uso wake ulikuwa umebadilika, sijui niseme vipi, kama mtu aliyeamka.

"Anacheka vizuri," akasema. "Na bado naweza kuzaa. Wewe umesoma, mdogo wangu. Ungekuwa mimi ungefanyaje?"

Mimba yangu ya pili ilikuwa na miezi sita. Mkuu wa shule alikuwa ameshalitazama tumbo langu na kuniuliza kuhusu mipango yangu. Mungu ananiona, sikuchukua hata dakika moja kufikiri. Nilikuwa nakoroga uji, sikugeuka hata kumtazama. Nikasema:

"Mama wa mkate alingoja."

Dada akasema, "Kweli. Alingoja." Kesho yake fundi alipewa jibu lake. Baada ya mwaka alioa mwanamke mwingine akahamia Kiomboi, na nilisikia walijaliwa mapacha. Habari hizo sikuzifikisha nyumbani.

Nikazaa wa pili, nikazaa wa tatu. Nikapandishwa cheo. Watu wa shule walinisifu kwa bidii, wakasema kwa mama wa watoto watatu ni ajabu. Dada alipungua mwili, na siku moja aliponisaidia kukunja nguo alisema tu, kama anayesema chumvi imekwisha, kwamba siku zake za wanawake zimekoma. Nilisema pole. Neno pole! Nilipaswa kukatwa ulimi.

Kisha mwenye godauni akaipata tena filamu ile, na mji mzima ukafurahi. Safari hii dada alisema anakuja. Hakuwa ameiona tangu Issuna. "Utakaa karibu nami unitafsirie," akaniambia. "Nataka nimwone anavyorudi."

Siku hiyo, Jumapili baada ya chakula, alikuwa amekaa uwanjani juu ya mkeka anamsuka mwanangu wa mwisho, ameshavaa kanga zake safi. Nikajiona nimekaa gizani kando yake, nasema uongo neno kwa neno, saa nzima na nusu, mkono wake juu ya paja langu. Nikashindwa. Sijui kama ilikuwa wema au uoga. Nikapiga magoti palepale kwenye vumbi nikamwambia yote. Nikamwambia askari alisema usinisubiri. Nikamwambia aliyekuja mwishoni ni tarishi. Nikamwambia mfasiri alibadilisha maneno kwa kuwaonea huruma wanawake wa Kintinku.

Vidole vyake havikusimama. Alisuka mstari ukaisha, akaanza mwingine.

"Ulijua lini?"

"Zamani, dada."

"Kabla ya fundi cherehani au baada?"

Nilitaka kusema baada. Ulimi ulikuwa tayari.

"Kabla," nikasema.

Akamaliza kichwa cha mtoto. Mistari yote sita, wala hakuacha hata mmoja. Akamsukumia kwangu. Kisha akaniambia, bila kupandisha sauti, "Yule wa gari la sinema alinidanganya kwa huruma. Wewe je?"

Akainuka, akakunja mkeka wake, akaingia ndani, na alfajiri akapanda lori la Issuna. Alikwenda moja kwa moja kwa wakwe zake akaomba anyolewe. Wakamnyoa. Matanga yakafanywa, miaka mingi mno baada ya siku yake, wakaja watu wachache. Mdogo mtu alikuwa na wake wawili na watoto tisa, hakumhitaji mwingine, wala dada hakumwomba. Alipewa chumba cha mwisho cha tembe, upande wa zizi.

Mwanangu wa mwisho hakula siku tatu. Nilimbeba, nikamwimbia, alijinyonganyonga mikononi mwangu kama nimemwiba. Wiki ya pili nikaomba ruhusa shuleni nikampeleka Issuna, nikidhani labda kwa ajili ya mtoto dada atalegea. Tulimkuta anasaga mtama, kichwa kitupu, amezeeka ghafla. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia. Mtoto alichomoka mkononi mwangu akamkimbilia mbio, akimwita mama, mama, akamkumbatia shingo.

Dada hakumsukuma. Alimbandua mikono taratibu, mmoja mmoja, akamgeuza anitazame. "Mama yako yule pale," akamwambia, akarudi kwenye jiwe lake la kusagia.